Ng'ombe Aliyebaki Kitabuni

Upepo ulianza kuvuma mapema siku hiyo, kabla ya saa mbili, na Mzee Ojwang akatuambia tufunge madirisha yote, maana vumbi la Kitengela likiingia kwenye gundi kitabu hakishiki. Tukafunga. Chumba cha kujalidi kikabaki na joto, giza kidogo na harufu ya gundi inayochemka. Mabati ya paa yalikuwa yakigongagonga kama mtu anayetaka kuingia na hajui mlango uko wapi.

Nilikuwa na furaha. Ninalisema hilo kwanza, ili lisije likasahaulika. Mezani kwangu kulikuwa na kitabu cha mtu ninayempenda, na kazi yangu ilikuwa kukikunja.

Kitabu hakitoki kwenye mashini kikiwa kitabu. Inatoka karatasi kubwa yenye kurasa kumi na sita, nyingine zimesimama wima, nyingine kichwa chini, na asiyejua atasema zimechapwa vibaya. Ukiikunja mara tatu sawasawa, kurasa zinajipanga zenyewe. Ule unaitwa mkunjo mmoja. Mikunjo ikishonwa pamoja kwa uzi na kuwekwa jalada, ndipo inakuwa kitabu. Mimi hukunja kwa kipande cha ubavu wa ng'ombe nilichokisugua mwenyewe hadi kikawa laini kama jino. Mzee Ojwang ana vya plastiki vya kununua, lakini husema changu hakiachi alama.

Hicho kitabu kilikuwa cha haki jinai, cha wanafunzi wa chuo cha Kajiado wanaosomea kazi ya polisi, ya magereza na ya mahakama. Aliyekiandika ni Kiama, mwalimu wao. Miaka miwili iliyopita alikuja hapa na karatasi za masomo yake zijalidiwe, na alipozichukua akauliza ni nani aliyezikunja vizuri hivyo. Mimi huona haya mbele za watu. Niliinua mikono yangu tu, yeye akaitazama, kisha akanitazama mimi, na hakuondoa macho upesi. Ndivyo tulivyojuana.

Tangu siku hiyo amekuwa akinisemea. Mama yake, Mama Wacuka, alipokuja kuniangalia kutoka Tuala, alinishika mikono akaigeuzageuza kama mtu anayenunua viazi. "Mikono ni ya kazi, sikatai," alisema. "Lakini msichana wa darasa la sita kwa mwalimu wa chuo? Watoto wakirudi na homework watamwonyesha nani?" Mimi nilitazama chini. Kiama ndiye aliyejibu, kwa upole, hadi mama yake akanyamaza na kuomba chai. Nami nikazoea kusemewa. Ni raha mtu akikupenda hivyo.

Upande wetu aliyebaki ni Baba Mdogo Lemein. Baba yangu alifariki nikiwa sijaota meno, na mdogo wake akatuchukua sisi sote pale Illasit, mama yangu Priscilla, mimi na ng'ombe. Aliposikia nimeposwa na mwalimu, hakufoka. Alituma neno kwamba mfugaji hujulikana kwa ng'ombe wake, basi huyo mwalimu naye atangulize kile anachofuga, yeye Lemein akishike mkononi, ndipo wazee wa Kiama waje. Kiama alicheka kwa furaha aliposikia, maana anachofuga yeye ni kitabu. Mzee Ojwang akaketi jioni nzima akashona nakala ya kwanza peke yake, akaivalisha jalada gumu jekundu, na Mzee Githongo, ndugu wa marehemu baba yake Kiama, akaondoka nayo kwa pikapu yake alfajiri ya siku hiyo ya upepo, tukiwa bado tunapiga miswaki. Wazee wengine wangefuata Jumamosi.

Mkunjo wa kwanza una ukurasa mmoja mweupe wenye maneno mawili tu katikati: "To S.", yaani kwa S., ndiye mimi Seleyian. Nilikuwa nimekunja ukurasa huo mara elfu moja wiki ile, na kila mara kidole gumba changu kilipita pale polepole.

Nilikuwa nimepewa nusu ya mbele. Nusu ya nyuma ilikuwa ya Resian, kwenye meza ya pili. Siku hiyo Resian hakuja, mtoto wake alikuwa anaharisha, na Mzee Ojwang akanihamisha. Nikaanza na mkunjo wa kumi na nne. Nilipogeuza karatasi ya kwanza ili niikunje, nikamwona ng'ombe.

Alikuwa amechorwa juu ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, amesimama upande, pembe zake zinaangalia juu. Ubavuni alikuwa na alama ya moto, duara lenye mkia. Alama ya moto ni ya ukoo mzima, na ukoo wetu ni watu wengi, wako hadi Magadi. Lakini sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili juu na mmoja chini, na ule wa chini ulikuwa umepinda. Mikato ya sikio ni ya boma moja. Mkato uliopinda ulikuwa wa baba yangu, kwa sababu alikuwa na kidole kisichonyooka na kisu kilimkimbia kila mara. Baba Mdogo alipoachiwa wale ng'ombe aliendelea kuukata ukiwa umepinda, kwa heshima ya marehemu. Hakuna sikio jingine kama hilo katika nchi yote kutoka Namanga hadi Loitokitok.

Na mchoro ulikuwa wangu. Nilijua kwato zile nilizoshindwa kuzichora. Ule mfupa wa kukunjia uliniponyoka mkononi.

*

Nitasema sasa kile nilichomwambia Kiama mwaka jana, siku tuliyokaa kwenye nyasi karibu na bwawa, yeye ameegemea kiwiko, mimi nikichora kwenye daftari lake ili nisilazimike kumtazama.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa na tabia ya kuingia kwenye mashamba ya nyanya, na nilitumwa mchana nimrudishe. Nilimkuta shambani. Nilimkuta pia binamu yangu Katoo, mtoto wa Baba Mdogo, akigombana na mwenye nyanya. Walitukanana, wakasukumana, na Katoo akampiga kwa rungu, mara moja tu. Yule mtu hakuinuka. Katoo alimvuta hadi kwenye mtaro wa maji uliokauka, akamfunika kwa mabua ya mahindi. Hakuniona. Ng'ombe tu ndiye aliyeniona.

Mke wa yule mtu alimtafuta siku tatu, akipita kila boma, akiuliza kwa sauti ndogo. Siku ya nne nikamwendea polisi mmoja mwanamke, nikamshika mkono, nikampeleka kwenye mtaro. Sikusema neno. Katoo alipoonyeshwa rungu alikubali kosa, kwa hiyo kesi haikuhitaji shahidi, na jina langu halikuandikwa popote. Mama yangu nilimwambia. Wiki ile ile alinitoa shule, akanileta Kitengela kwa dada yake, ili nisije nikaulizwa kitu nikajibu. Darasa la sita langu liliishia pale.

Lakini boma lilitaka kujua nani amesema. Na Kimeu, Mkamba mwenye duka pale senta, alikuwa ameonekana akiongea na polisi juu ya leseni. Walimvunjia duka, wakamvunja na mguu. Baba Mdogo mwenyewe alikuwepo. Nami nilinyamaza.

Hayo yote nilimpa Kiama. Wengine waliojua walikuwa mama na yule polisi tu. Alinishika kichwa akakilaza kifuani mwake, akaniambia mtoto kama mimi alistahili kulindwa. Nililia, na nikamwachia daftari lake lenye ng'ombe.

*

Alikuja saa nne kasoro, koti lake jeusi limegeuka la kahawia kwa vumbi, uso umejaa kicheko. Alimsalimu Mzee Ojwang, akaja mezani kwangu, akainama karibu na sikio langu kama kawaida yake.

"Sasa, msomaji wangu wa kwanza."

Nilimsogezea mkunjo wa kumi na nne.

"Ah, umemwona. Nilitaka ushangae mwenyewe siku ya sherehe ya kitabu."

"Umemtoa wapi?"

"Si ni wewe ulimchora. Mhariri alitaka picha ya huku kwetu, nikampa ile karatasi ya daftari. Akasema ni safi kuliko ya mchoraji wa kulipwa."

Nilimuuliza maneno yaliyo chini ya ng'ombe yanasema nini. Kiingereza kidogo kidogo nilikuwa nimekiona mwenyewe, girl, cow, twelve, lakini maneno makubwa ya kitabu yalinishinda. Kicheko chake kikapungua. Akavuta kiti, akaanza kunieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake.

Mswada wake ulikuwa umerudishwa mara mbili na wahakiki, wale walimu wengine wanaousoma kabla haujachapwa. Walisema visa vyake vyote ni vya ng'ambo, miji yenye theluji, mahakama zisizofanana na zetu, na mwanafunzi wa Kajiado atajifunza nini hapo. Walitaka kisa cha hapa. Bila kisa cha hapa kitabu hakingeingia kwenye orodha ya chuo, na mwalimu asiye na kitabu hukaa palepale hadi mvi. Akanikumbuka mimi. Akaandika juu ya mtoto aliyesema ukweli na sheria ikamwacha bila ulinzi. Sura nzima aliijenga juu yangu. Wahakiki wakaisifu kuliko zote.

"Na nilifuata kanuni, Seleyian. Unabadilisha jina, mahali na mwaka. Illasit nikaifanya Magadi. Shamba la nyanya nikalifanya yadi ya magadi. Miaka tisa nikaifanya kumi na tano. Hata mtu wa kwenu akisoma, hawezi kujua."

"Ulibadilisha kila kitu, Kiama. Ukaacha ng'ombe."

"Ng'ombe ni ng'ombe tu. Kila Mmaasai si yuko na ng'ombe wa alama?"

Hakulisema kwa dharau. Alilisema kwa sababu alizaliwa kwenye kahawa, na kwao mti wa kahawa wa jirani ni sawa na wako. Nilichukua kidole chake nikakiweka kwenye sikio la mchoro, juu ya mkato uliopinda, nikamweleza ni wa nani. Nilieleza kwa sauti ndogo sana. Nilihisi kidole chake kikipoa ndani ya mkono wangu.

Alikaa juu ya robota la karatasi. Upepo ukapiga bati. Alitazama mlango, na nilipouona uso wake nilijua kuna jingine bado.

"Nilimwambia Mzee Githongo amfungulie mzee wenu pale," alisema.

"Pale wapi?"

"Ukurasa wa ng'ombe. Nilimwekea hata kipande cha karatasi, asiutafute. Nilitaka mzee wenu aone tunaheshimu mifugo, kwamba hata katika kitabu cha sheria nimeweka ng'ombe."

Alimpigia Mzee Githongo. Simu ikasema mteja hapatikani. Akapiga tena, akapiga tena, akisimama kwenye dirisha hili na lile. Nilihesabu barabara kichwani. Kajiado, Bissil, Namanga, kisha ile njia ya kupita chini ya mlima. Alikuwa ameondoka alfajiri, na mzee huyo haendeshi polepole. Kama hakupata pancha, alikuwa tayari amekaribishwa kiti.

Mlango ukafunguliwa kwa kiatu, na Kimeu akaingia na birika lake la chai ya saa nne.

Ndiyo, Kimeu yule. Watu wengi walioharibikiwa kwao huja Kitengela, na yeye alikuja, akaweka jiko nje ya lango letu. Mimi nilikuwa mtoto aliponiona mara ya mwisho, hakunitambua. Mimi nilimjua kwa mguu. Miaka mitatu nimekunywa chai yake, na kila siku hunijazia kikombe hadi ukingoni kuliko wengine, akisema mikono inayokunja karatasi inakauka, lazima imwagiliwe. Siku hiyo pia alinijazia.

"Mbona mwalimu amekaa kama mtu amefiwa?" aliuliza. "Kitabu kimekataa kufunguka?"

Mzee Ojwang akamjibu kwamba walimu huwa hivyo kitabu kikikaribia kuzaliwa, wanashikwa na uchungu kuliko mama. Wakacheka wawili. Kimeu akaenda kumimina upande wa mashini, akiburuta mguu.

Nilingoja apite. Kisha nikamwambia Kiama neno ambalo sikujua ninalo.

"Yale mambo nilikupa wewe."

"Nilikuwa nakutetea. Nisome vizuri, karibu kila mstari nakutetea."

"Siwezi kukusoma vizuri. Unajua."

Alifunga macho. Tangu tujuane hatujawahi kugombana, na hakuna kati yetu aliyejua namna ya kufanya. Alinyoosha mkono anishike, nikaurudisha wangu mapajani. Mkono wake ukabaki juu ya meza kati ya karatasi, wazi, na nilitaka kuushika kiasi kwamba ilibidi nishike ule mfupa badala yake.

Nikachukua simu nikampigia mama.

Iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, haikuwa pumzi ya mama.

"Takwenya, enkerai ai," alisema Baba Mdogo. Mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote.

"Iko," nikajibu, kwa sababu salamu hujibiwa hata nyumba ikiungua.

"Simu ya mama yako iko na mimi leo. Yeye ameketi hapa kando yangu." Nilisikia kengele ya mbuzi, na mtu akikohoa, labda Mzee Githongo. "Mgeni wenu amefika salama. Tumempa maziwa. Ni mtu wa heshima. Kitabu nimekishika mkononi."

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Ni kizito. Nimemwona ng'ombe wa ndugu yangu."

Kiama alikuwa amesogeza sikio lake karibu na langu, na shavu lake lilikuwa limelowa jasho.

"Huyu mzee alitaka kunisomea," Baba Mdogo aliendelea, taratibu, kama mtu anayefunga kamba. "Nikamwambia aache. Sikio hili ni la nyumba, na la nyumba halisomwi na mgeni. Wewe ndiye umekunja hiki kitabu?"

"Nimekikunja mimi."

"Basi njoo kesho uniambie huyu ng'ombe anafanya nini humu ndani. Mama yako atakungoja. Haendi mahali." Kisha, alipokuwa karibu kukata, akaongeza kwamba Katoo anafunguliwa mwezi ujao, na yeye pia atataka kusikia.

Simu ikanyamaza. Sikuwa nimesikia sauti ya mama hata mara moja.

*

Kiama ndiye aliyeinuka kwanza. Alitembea hadi kwenye mashini, nikamsikia akiongea na Mzee Ojwang, si kwa muda mrefu. Alimwambia azime. Alimwambia mkunjo wa kumi na nne utolewe wote, upelekwe tanurini. Mzee Ojwang akamuuliza kama anajua anachosema, kwamba kitabu kikikosa mkunjo mmoja si kitabu, ni takataka yenye jalada, na sherehe ya chuo ni Jumatatu na mkuu wake ameshaalika watu. Kiama akasema anajua. Mashini ikazimwa. Tukabaki na kelele za bati tu.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Miaka minne ya kazi alikuwa ameizima kama taa, mbele yangu, bila kuniuliza nitamlipa nini. Nilimtazama, naye akanitazama, na kwa kitambo kile nilijua kwamba bado nampenda, na kwamba mapenzi hayatanisaidia barabarani kesho.

"Nakala moja tu ndiyo iko nje," alisema. "Na Baba Mdogo hajui Kiingereza. Sikiliza. Utasema ni picha ya kupamba. Mimi nitasema nilienda soko la ng'ombe, nikaona mmoja nikampenda, nikamchora bila kujua ni wa nani. Naweza kusimama mbele yake nikasema hivyo. Ataniamini, mimi ni mtu wa nje, mjinga wa ng'ombe."

"Atakuamini."

"Basi tumepona."

"Na Kimeu?"

Alikunja uso. "Kimeu wa chai?"

Nikamwonyesha kwa macho. Kimeu alikuwa ameinama akikusanya vikombe chini ya mashini iliyozimwa, mguu wake mbovu umenyooshwa pembeni, kwa sababu haukunjiki. Nilimwambia ndiye yule. Sikuwa nimewahi kumwambia, niliona haya. Kiama aliutazama ule mguu kwa muda mrefu.

"Kwa kitabu chako yuko wapi?" nilimuuliza.

Akaondoa macho kwenye ule mguu.

"Hayuko. Alikuwepo. Wahakiki walisema kisa ni kirefu, nikamtoa."

Sikumkasirikia. Ningemkasirikiaje, wakati mimi nilimtoa kabla yake, nikamtoa miaka tisa, nikinywa chai yake? Tulikaa pale wawili tuliomnyamazia mtu mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Kiama na mimi tunafanana, na kwamba si kwa jambo la kujivunia.

Alisema tutaenda pamoja. Nikamwambia nimeitwa mimi. Alisema basi atakaa langoni hadi nitoke, na kama sitatoka ataingia. Alisema Baba Mdogo anaweza kunikataza kuolewa, anaweza kumfukuza mama, anaweza kufanya lolote, na mimi hata kusema nikiwa na watu watatu siwezi, nitasemaje mbele ya boma? Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilijua pia kitu ambacho yeye hakukijua, kwamba Baba Mdogo hakuniita nimsomee ili ajue. Mtu anayekata sikio la ng'ombe kwa kumbukumbu ya ndugu yake hahitaji kusomewa. Ameshajua: ng'ombe yuko ndani ya kitabu cha polisi, na aliyetumwa kumrudisha siku ile ni mimi. Anataka kuona kama nitamtazama usoni nikidanganya, mama yangu akiwa ameketi pale.

Nilichukua karatasi moja ya mkunjo wa kumi na nne, nikaikunja mara tatu kwa ule mfupa, taratibu, nikaisawazisha kingo. Nikaikata juu ili ifunguke. Nikaiweka kati yetu.

"Nisomee," nikamwambia. "Neno moja moja. Nitakuwa narudia."

"Seleyian."

"Maneno uliyoyatumia ni yangu. Nataka nirudi nyumbani nikiwa nayo."

Akasoma. Sauti yake ilikatika mara mbili, nikangoja, akaendelea. Mimi nilirudia nyuma yake kama nilivyokuwa nikirudia darasani, kidole chini ya kila neno. Mengine nilikuwa nayajua, yalikuwa yamelala tu. Yalipokuwa magumu alinifafanulia kwa Kiswahili, mabega yetu yakigusana, na laiti isingekuwa ukurasa ule, ningesema hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote tulizokaa pamoja. Tulifika katikati, chini kidogo ya kwato za ng'ombe, palipokuwa na neno refu lililorudiwa mara nyingi kuliko mengine.

"Informant," alisoma.

"Huyo ni nani?"

Kiama akatafuta neno la Kiswahili.

"Ni mtu aliyesema."

Nililirudia lile neno mara tatu, hadi likakaa mdomoni. Nje upepo ulikuwa umetulia, na vumbi lote likawa linashuka polepole juu ya barabara. Kimeu alikuwa amefika langoni na karai lake la vikombe. Changu kilikuwa bado mezani, kimejaa, chai imepoa na kufanya utando.

Nilikiinua kile kikombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikachukua ule ukurasa. Kiama akaniuliza naenda wapi, wakati safari ni kesho.

"Kabla ya Baba Mdogo," nilimwambia, "kuna mtu wa kusomewa kwanza."

Akainuka anifuate. Nikatikisa kichwa, akakaa. Nikafungua mlango mwenyewe, nikamwita Kimeu kwa jina, kwa sauti ambayo hata Mzee Ojwang, kule ndani, aliinua kichwa kuona ni nani aliyeita.